Kilo Saba za Mzee Ndambuki

Kila asubuhi Mzee Ndambuki huosha barakoa yake kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Huianika kivulini, kwenye kamba ya nguo, kando ya shati lake. Kamba hiyo ni ndefu. Zamani ilibeba nguo za watu sita. Siku hizi ina shati moja, taulo moja na barakoa. Sehemu nyingine yote ni tupu.

Barakoa hiyo si ya korona. Ni ya mashine ya kupumulia. Mashine yenyewe ni ndogo kama redio, na hukaa juu ya meza karibu na kitanda. Ina mpira mrefu unaopeleka hewa puani. Mzee Ndambuki huivaa kila anapolala, kwa sababu ana ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Akilala, koo lake hujifunga. Kwanza hukoroma. Kisha hunyamaza. Akinyamaza ndipo hatari inapoanza, maana wakati huo hapumui.

Kwa miaka thelathini na minne hakujua kwamba huo ni ugonjwa. Aliyejua ni mkewe, Mbithe. Kila mumewe aliponyamaza, Mbithe alimpiga kiwiko cha mbavu.

"Ndambuki, pumua!"

Naye akapumua. Asubuhi alilalamika kwamba mbavu zinamuuma.

"Shukuru zinauma," Mbithe alimjibu. "Maiti haiumwi mbavu."

Mbithe alifariki miaka mitatu iliyopita, na kiwiko chake kikaenda naye. Ndambuki akaanza kuamka na kichwa kizito. Mchana alisinzia hovyo. Siku moja alisinzia akiwa amesimama kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa, hapa Kangundo. Kikapu kilimponyoka, kahawa mbivu ikatapakaa chini. Ndila, karani wa mizani, alimshika mkono akamwambia aende hospitali siku hiyo hiyo. Alipimwa Machakos mjini, akapelekwa Nairobi, akapimwa tena akiwa amelala. Daktari akaandika kwamba anahitaji mashine. Binti yake Mutheu, ambaye ni muuguzi Uingereza, akainunua.

Mashine ilimrudishia pumzi. Mtu wa kuongea naye haikumrudishia. Watoto wake wawili wako Nairobi, mmoja yuko Mombasa, na Mutheu ndiye huyo wa ng'ambo. Njia ya kwenda kwa mzee ina kilima kikali. Watu hawapendi kupanda kilima kama hawana shida.

Jumapili moja, baada ya misa, simu yake ililia. Ilikuwa Mutheu.

"Baba, tumeweka siku ya ubatizo. Tiketi nimekata. Visa ilishatoka, kwa hivyo usiniletee visingizio."

"Nije huko kwa baridi nifanye nini?"

"Uje umshike mjukuu wako. Amefika mwaka mzima na hujawahi kumshika. Na ukuje na kodiani. Nataka Mbithe abatizwe ukipiga ule wimbo wa mama."

Mjukuu huyo anaitwa Mbithe. Ndiyo desturi yetu Wakamba, mtoto hubeba jina la nyanya yake. Kodiani nayo ni kinanda cha kubeba kifuani, cha kuvuta na kufunga kama mvukuto. Ndambuki aliipiga kanisani miaka mingi, na mkewe akiimba. Siku ya mazishi aliifunga ndani ya sanduku lake la mbao, akaisukuma chini ya kitanda. Hakuifungua tena.

"Sasa sikiliza vizuri," Mutheu aliendelea. "Sanduku kubwa ni moja, kilo ishirini na tatu. Hilo linawekwa chini, kwa mizigo ya ndege. Mkononi ni kilo saba. Na usisahau mashine."

"Nitasahau aje?" alisema mzee.

Ni kweli, hakusahau. Alifanya jambo baya kuliko kusahau.

Jumapili iliyofuata katekista alitangaza kanisani kwamba Mzee Ndambuki anaenda Uingereza kwa ubatizo wa mjukuu. Watu wakapiga makofi. Kufikia Jumanne, kilima hakikuwa kikali tena.

Wa kwanza kupanda alikuwa Urbanus, jirani wake wa upande wa chini. Urbanus hakuwa amekanyaga hapo tangu matanga. Alikuja na kifurushi kilichoshonwa ndani ya gunia.

"Mzee, utanipelekea hiki kwa mwanangu Masila. Atakuja kukichukua kwa Mutheu."

"Kiko na nini?"

"Ni vitu vya nyumbani tu. Usijali."

Urbanus alikaa, akanywa chai vikombe viwili, akauliza habari za mbuzi. Baada yake alikuja Kavutha, mama wa kwaya, na kilo tatu za muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, pamoja na chupa ya asali. Kisha wengine. Kila mmoja alikuwa na mtoto, mpwa au shemeji huko ng'ambo. Kila mmoja alikaa kidogo. Sukari iliisha mara mbili wiki hiyo, na mzee alinunua nyingine bila kunung'unika. Alicheka. Alisimulia hadithi zake za zamani, zile ambazo kwa miaka mitatu alikuwa akiwasimulia mbuzi. Alikuwa na furaha, na sitamlaumu kwa hilo.

Vifurushi vilifika tisa. Alivipanga ndani ya sanduku kubwa, juu akaweka nguo zake. Sanduku likajaa. Mkononi angebeba kodiani. Basi mashine ikabaki mezani, haina pahali.

Mzee alikaa kitandani akaitazama. Kuacha kodiani hakuwezekani, Mutheu alikuwa ameiomba. Kurudisha vifurushi je? Aliwaza Urbanus akishuka kilima na gunia lake, asirudi tena mpaka matanga mengine. Hapana. Hilo hakuliweza.

"Ni wiki tatu tu," alijiambia. "Nitalala nikiwa nimekaa kwenye kiti."

Akaifunika mashine kwa leso ya Mbithe. Mtu mzima, mwenye akili zake, akakubali kuacha pumzi yake nyumbani ili abebe muthokoi wa watu. Upweke humfanya mtu hivyo.

Zikiwa zimebaki siku kumi asafiri, alikodi pikipiki akapeleka mizigo kiwandani kupima. Msimu wa kahawa ulikuwa umekwisha. Kiwanda kilikuwa kimya, na Ndila alikuwa peke yake kwenye mizani, akifuta vumbi.

Kabla ya kuwa karani wa kahawa, Ndila alifanya kazi miaka sita katika uwanja wa ndege Nairobi. Alikuwa akikagua mizigo ya abiria. Aliacha kazi hiyo mama yake alipopooza, akarudi nyumbani kumtunza.

"Wakya, Baba Mutheu," alimsalimu.

"Aa," mzee aliitikia. "Nipimie hii mizigo, nisiaibike huko mbele."

Ndila aliweka sanduku kubwa juu ya mizani. "Ishirini na nne na nusu. Imezidi." Akaweka kodiani ndani ya sanduku lake la mbao. "Kumi na moja."

"Aiya! Kumi na moja?"

"Na hii ni ya mkononi. Wanataka saba." Ndila alitazama huku na huku. "Na mashine? Umeipimia wapi?"

Mzee aliangalia milango ya kiwanda. "Iko nyumbani."

"Utakuja kuipima kesho?"

"Hapana. Inabaki. Kilo haziko, Ndila. Ni wiki tatu tu."

Ndila aliweka kitambaa chini. "Baba Mutheu, si ni mimi nilikushika hapa ukianguka?"

"Ni wewe."

"Sasa nani atakushika huko kwa ndege? Daktari alikuambia ulale siku ngapi bila hiyo mashine?"

"Hata moja hakusema."

"Basi kaa hapo."

Mzee akakaa juu ya gunia tupu.

"Kosa la kwanza ni kuhesabu mashine ndani ya kilo saba," Ndila alisema. "Hiyo ni kifaa cha matibabu. Mashirika mengi ya ndege yanakubali uibebe mkononi, mbali na begi yako ya kawaida. Lakini begi ya mashine iwe ya mashine peke yake. Usifiche sweta ndani, wala muthokoi."

"Kumbe haihesabiwi?"

"Kwa wengi haihesabiwi. Lakini kila shirika liko na sheria yake. Usisikie yangu, usisikie ya jirani. Unawaandikia mapema, na jibu lao unatembea nalo kwa karatasi."

"Na nikiiweka tu hapa katikati ya sanduku, na blanketi?"

"Usijaribu! Mimi nimeona hayo masanduku yakirushwa. Na sanduku linaweza kupotea siku tatu, siku nne, hasa ukibadilisha ndege njiani. Wewe utangoja pumzi siku nne? Vitu vya uhai vinakaa na mwenyewe. Mashine, dawa zako za presha, miwani, cheti cha daktari. Hata betri ya akiba ukiwa nayo. Hiyo haikubaliwi kabisa kwa mizigo ya chini, inaweza kushika moto."

Mzee aliinamisha kichwa kukubali. Kisha akagusa sanduku la mbao. "Na hii?"

"Fungua."

Alisita. Vidole vyake vilichelewa kwenye kufuli. Hatimaye kifuniko kikafunguka, na harufu ya ngozi ya zamani ikatoka. Ndila aliinua kodiani kwa mikono miwili, akaiweka peke yake kwenye mizani.

"Kilo sita na robo. Umeona? Uzito ni wa mbao." Akachukua futi, akapima urefu na upana, akaandika. "Enda Tala, kuna fundi wa kushona viti vya magari. Akushonee begi ya turubai na sponji ndani. Hapo itakuwa chini ya saba. Lakini hiyo ndiyo begi yako ya mkononi, hauongezi ingine. Na shirika liambiwe ni chombo cha muziki, na hivi ndivyo vipimo vyake. Ingekuwa kubwa sana, ungelipia kiti chake, ama ingeenda chini kwa kesi ngumu. Yako ni ndogo, wanaweza kukubali."

"Baridi ya huko chini ingeiharibu?"

"Baridi, na kurushwa. Inalia bado?"

"Sijui," mzee alisema. "Sijaijaribu."

Ndila aliirudisha kodiani ndani ya sanduku lake. Aligeukia sanduku kubwa. "Sasa, hii imejaa nini?"

Mzee alimweleza vile vifurushi tisa. Ndila alishika kile cha Urbanus, akakitikisa. Ndani kitu kiligonga.

"Kiko na nini?"

"Vitu vya nyumbani."

"Umeviona?"

"Nitamuuliza mtu mzima maswali kama polisi?"

"Ukifika huko utaulizwa mizigo ni ya nani, na wewe mwenyewe ulipanga? Utasema nini? Kikiwa na kitu kibaya, atakayefungwa si Urbanus. Rudisha, Baba Mutheu. Chenye hujaona kwa macho usibebe."

Mzee alikichukua kile kifurushi, akakipakata.

"Nikirudisha," alisema mwishowe, "nani atakuja kwangu tena?"

Ndila alikuwa amechoka siku hiyo. Usiku mzima alikuwa ameshughulika na mama yake. Neno likamtoka kabla hajalipima.

"Lakini hawakuja kwako. Walikuja kwa ajili ya hiyo ndege."

Maneno hayo yalimchoma mzee. Yalimchoma Ndila pia. Alijua vizuri nyumba ambayo haibishwi hodi ilivyo, maana nyumba yake mwenyewe ni hiyo.

"Pole, Baba Mutheu. Sikutaka kusema hivyo."

"Umesema ukweli," mzee alijibu. "Sasa niandikie hiyo barua."

Waliandika pamoja kwa simu ya Ndila. Walitaja jina la mashine na uzito wake, ambavyo Mutheu aliyeinunua aliwatumia kwa ujumbe. Wakauliza kama anaweza kuitumia akiwa ndani ya ndege. Wakataja kodiani na vipimo vyake. Kesho yake mzee alienda kwa daktari Machakos. Daktari akampa barua ya Kiingereza yenye mhuri, inayosema ana ugonjwa gani na kwa nini hawezi kulala bila mashine.

Kisha akaanza kurudisha vifurushi. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ngumu. Alishuka kwa Urbanus na lile gunia begani.

"Tukifungue pamoja," alisema. "Nikiona kilichomo nitajua kama nitabeba."

Urbanus alikataa, wakabishana, mwishowe akakata uzi kwa hasira. Ndani mlikuwa na nyama iliyokaushwa, na chupa ya dawa ya miti isiyo na karatasi wala jina.

"Nyama hawaruhusu kuingia huko. Na hii chupa siwezi kuieleza."

"Sema tu hutaki kunisaidia. Ulaya imekuingia kabla hujafika."

Jumapili hiyo Urbanus hakumsalimu kanisani. Wengine walichukua vitu vyao bila neno. Nyumba ikawa kimya kama zamani, na kimya hicho kilikuwa kizito zaidi kwa sababu alikuwa ameonja kelele. Mzee aliumia. Hata hivyo aliondoa leso juu ya mashine.

Kavutha peke yake hakukasirika. Alichukua muthokoi na asali yake akacheka.

"Basi wabebee watu wangu ndengu nusu kilo tu. Nazichambua hapa mbele yako, uone kila punje. Uliza huko kama zinakubaliwa." Alikaa akichambua ndengu, zile choroko za kijani, hadi jua likaelekea kuzama, na chai akapika yeye mwenyewe.

Jibu la shirika lilifika siku ya nne. Mashine ilikubaliwa kama kifaa cha matibabu, mbali na begi ya mkononi. Kiti kilikuwa na umeme, na wangemruhusu kuitumia. Kodiani ilikubaliwa kama begi ya mkononi, mradi isizidi kilo saba. Ndila alimchapishia jibu hilo mara mbili. Mutheu alimtumia ujumbe kwamba ndengu kavu kidogo hazina tatizo, lakini azitaje akiulizwa.

Siku ya safari mzee alimwaga maji yote yaliyokuwa kwenye chombo cha mashine cha kulainisha hewa, akakikausha. Aliitia mashine ndani ya mfuko safi wa plastiki, kisha ndani ya begi yake. Uwanjani, alipofika penye ukaguzi, hakungoja kuulizwa.

"Hii ni mashine yangu ya kupumulia," alisema, kama Ndila alivyomfundisha. "Barua ya daktari ni hii. Naomba iwekwe peke yake kwa trei safi."

Askari wa kike alisoma, akavaa glavu mpya, akaipitisha. Kisha akaona begi ya turubai.

"Na hii, mzee?"

"Ni kodiani."

"Kodiani ni nini?"

Mzee aliitoa. Akaivaa kifuani. Alivuta mara moja. Sauti ikatoka, nyembamba kwanza, kisha nzima. Alipiga mstari mmoja wa wimbo wa Mbithe. Hakukuwa na mtu wa kuimba. Watu kwenye foleni waligeuka kutazama, na yule askari akasema, "Pita, mzee. Safari njema." Mzee alikunja kodiani yake haraka ili wasione macho yake.

Ndani ya ndege alivaa barakoa akiwa na haya. Jirani wa kiti alimtazama kidogo, akarudi kwenye sinema yake. Mzee akalala.

Walibadilisha ndege njiani, na sanduku kubwa likabaki huko. Lilifika nyumbani kwa Mutheu siku ya tano, limevunjika gurudumu moja. Ndengu zilikuwa salama. Mutheu alisimama mlangoni akilitazama.

"Baba, fikiria kama mashine ingekuwa humu."

"Haingekuwa humo," mzee alisema. Kisha akamweleza kila kitu, hata ile leso. Mutheu alikaa chini kwenye ngazi, akalia.

"Ungeniambia uko peke yako hivyo."

"Ningekuambia ili ufanye nini? Uko mbali."

"Ili nijue," Mutheu alisema.

Mtoto alibatizwa Jumapili. Mzee alipiga ule wimbo tangu mwanzo mpaka mwisho, na Mutheu akaimba kwa sauti inayokaribia ya mama yake. Baada ya chakula mzee alikaa kwenye kochi. Shibe na joto la nyumba vikamshinda. Mashine ilikuwa chumbani. Alikoroma kidogo. Kisha akanyamaza.

Mbithe mdogo alikuwa ameanza kutembea kwa kushikilia vitu. Alifika kwenye kochi. Akapanda juu ya babu yake, akateleza, na kiwiko chake kikamwingia mzee mbavuni.

Mzee alizinduka akavuta pumzi ndefu. Aliutazama ule uso mdogo ulio karibu na wake. Mbavu zilikuwa zinauma.

"Nimesikia, Mbithe," alisema.

Akamweka chini taratibu, akainuka, akaenda kuvaa mashine yake.